Punda wako akigaagaa, usikimbilie dawa ya minyoo

FIKIRIA, msomaji, ni saa kumi na mbili asubuhi. Mitungi imekwisha kupangwa kwenye mkokoteni na wateja wanangoja maji. Unapofika zizini, unamkuta punda wako amelala. Jana jioni alisaza majani yake, jambo ambalo si kawaida yake, nawe ukadhani ni uchovu wa kazi. Sasa anainuka, anautazama ubavu wake, analipiga tumbo kwa mguu wa nyuma, kisha anajitupa chini tena na kugaagaa.

Wengi wetu tunajua la kufanya, au tunadhani kwamba tunajua. "Huyo ana minyoo," jirani atasema. Dawa ya mbuzi iliyobaki mwezi uliopita itatolewa darini, itatikiswa na kumiminwa ndani ya chupa ya soda, na punda atapanuliwa kinywa kwa nguvu. Wakati mwingine mnyama hupona na dawa ikasifiwa. Wakati mwingine hufa kabla ya adhuhuri, na watu wakasema siku yake ilikuwa imefika.

Wiki hii tunataka kukuonyesha kwamba dawa ile haikuwa msaada siku ile, na kwamba dawa hiyo hiyo ikizidi kutumiwa hivyo itafika siku isiwaue minyoo tena. Hili si jambo dogo kwa mtu ambaye karo ya watoto, kodi ya nyumba na unga wa jioni vyote vinavutwa na punda mmoja.

Msokoto wa tumbo ni nini?

Msokoto wa tumbo si ugonjwa mmoja. Ni jina la maumivu ya tumbo yanayowapata farasi, punda na baghala, na maumivu hayo yana vyanzo vingi.

Mungu aliwaumba wanyama hawa na tumbo dogo, ingawa wanakula karibu mchana kutwa. Aidha, hawawezi kutapika. Nyasi walizokula huchachuka ndani ya utumbo mpana, ambao ni mkubwa mno na umejikunja mara kadhaa ndani ya fumbatio. Penye mikunjo hiyo njia huwa nyembamba. Chakula kikikwama hapo, au hewa ikijaa, utumbo hutanuka na kuuma sana. Ukijipinda wenyewe, damu hukatika na sehemu hiyo huanza kuoza mnyama angali hai.

Sababu za kawaida ni hizi: maji machache, kubadilishiwa chakula ghafula, meno mabovu yasiyoweza kutafuna vizuri, na mchanga unaomezwa pamoja na majani. Sababu nyingine ni takataka. Mjini Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, na katika miji mingine ambako punda huachwa wajitafutie chakula kwenye majaa, plastiki imewaua wengi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine zingali zimetapakaa, na kamba na mifuko iliyomezwa haiyeyuki. Minyoo nao ni mojawapo ya sababu, nasi tutawarudia.

Tazama basi: punda anayegaagaa huenda ana kinyesi kilichokauka na kukwama, au donge la plastiki, au utumbo uliojipinda. Dawa ya minyoo haiondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Dalili za kuangalia

Punda hupenda kugaagaa mavumbini, na hilo peke yake lisikutishe. Punda mzima hugaagaa mara moja au mbili, huinuka, hujikung'uta vumbi na kwenda zake. Mwenye msokoto hulala na kuinuka tena na tena, wala hajikung'uti. Hutokwa na jasho, huparapara ardhi kwa kwato, huutazama ubavu wake, na hapati choo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo limewaponza wengi. Farasi akiumwa na tumbo hufanya vurugu kila mtu akaona. Punda huficha maumivu. Huenda asigaagae kamwe. Atasimama pembeni peke yake, kichwa chini, masikio yamelegea, na kukataa chakula. Mtu asiyemjua atasema ni mvivu. Ukiona punda anaviringika na kutoka jasho, jua kwamba pengine ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Kwa hiyo alama ya kwanza kwa mwenye punda ni chakula. Punda aliyekataa kula ni mgonjwa hadi ithibitike vinginevyo. Asipokula kwa siku moja au mbili, mafuta ya mwili humiminika katika damu yake na kuliharibu ini, nalo hilo linaweza kumuua hata kama tumbo limepona.

La kufanya kabla daktari hajafika

Mwite daktari wa mifugo mara moja. Mwambie punda alikula lini mara ya mwisho, alipata choo lini, na ni dawa gani alipewa mwezi huu.

Ondoa chakula chote, lakini maji yawepo. Mtoe kwenye nafasi ndogo yenye mawe au mbao zinazoweza kumuumiza. Akitaka kujitupa chini, mtembeze polepole kwa muda mfupi, lakini usimkimbize wala kumchosha. Akilala kimya, mwache alale.

Usimnyweshe kitu kwa chupa, iwe mafuta ya kupikia, soda, maji ya majivu au dawa ya minyoo. Mnyama mwenye maumivu humeza vibaya, na kioevu kinaweza kuingia mapafuni. Daktari ana mpira maalum anaoupitisha puani hadi tumboni, na ana dawa za kupunguza maumivu. Kazi hiyo mwachie yeye.

Minyoo wanahusika vipi?

Punda na farasi wana minyoo wa aina nyingi, lakini wanne ndio wanaohusika zaidi na msokoto wa tumbo.

Wa kwanza ni mnyoo mkubwa mwekundu, ambaye wataalamu humwita Strongylus vulgaris. Mayai yake hutoka na kinyesi, huanguliwa, na minyoo wachanga hupanda kwenye majani mabichi. Wakimezwa, hutoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika mshipa mkubwa unaoupelekea utumbo damu. Humo hukaa miezi kadhaa wakikua. Mshipa huvimba na damu huganda. Bonge la damu likichomoka na kuziba mshipa mdogo, sehemu ya utumbo hukosa damu na kufa.

Wa pili ni minyoo wadogo wekundu, ambao wana zaidi ya spishi 50. Hao ndio wengi kuliko wote. Wachanga wao hujificha ndani ya ukuta wa utumbo mpana, na wanaweza kulala humo kwa miaka miwili au zaidi. Wakiamka na kutoka wote kwa pamoja, ukuta hujaa vidonda, na mnyama huharisha, hukonda na kuumwa na tumbo.

Wa tatu ni minyoo wakubwa weupe wa watoto wa punda. Mmoja anaweza kuzidi sentimita 30. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui: mtoto mwenye minyoo wengi akipewa dawa kali kwa mara moja, minyoo hao hupooza wote na kuwa kama kifundo cha kamba ndani ya utumbo mwembamba. Msokoto wa tumbo huja baada ya dawa, na kwa ajili ya dawa. Kwa hiyo mtoto aliyetuna tumbo na nywele zilizosimama apelekwe kwanza kwa daktari, achague dawa.

Wa nne ni tegu, anayejishikiza pale ambapo utumbo mwembamba unakutana na ule mpana. Ivermectin ya kawaida, ambayo wengi huamini inaua kila kitu, haimuui tegu.

Ni vyema pia ujue kwamba karibu kila punda anayelisha nje ana minyoo, na wengi wao huishi nao bila madhara. Kazi yetu si kuwamaliza minyoo wote. Ni kuwazuia wasizidi kiasi, na kuwa na dawa inayofanya kazi siku watakapozidi.

Dawa zilivyochoka

Watu husema "punda amezoea dawa". Ukweli ni kwamba punda hakuzoea kitu. Waliobadilika ni minyoo.

Chukua mfano. Ndani ya punda mna minyoo 1,000, na 10 kati yao wamezaliwa na uwezo wa kuhimili dawa fulani. Ukimpa dawa hiyo, 990 hufa. Wale 10 hubaki peke yao, na kwa wiki kadhaa mayai yote yanayoanguka malishoni ni yao. Ukirudia dawa ile ile baada ya miezi miwili, na tena baada ya miezi miwili, utakuwa unapalilia shamba lako kwa ajili ya magugu: kila palizi inaondoa mmea mzuri na kuacha gugu.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa farasi duniani, na historia yake ina mafunzo kwetu. Mwaka wa 1966 wataalamu wa jimbo la Kentucky, Marekani, ambako farasi wa mbio ni mali kubwa, walishauri farasi wote wapewe dawa kila baada ya wiki sita hadi nane. Lengo lilikuwa yule mnyoo mkubwa mwekundu, na ushauri huo ulifanikiwa. Mnyoo huyo akawa nadra, na vifo alivyoleta vikapungua sana. Lakini kalenda ile ile iliwachagua minyoo wadogo walio sugu mwaka baada ya mwaka.

Leo dawa za jamii ya fenbendazole na albendazole hazina nguvu tena dhidi ya minyoo wadogo wekundu wa farasi katika sehemu nyingi za dunia. Pyrantel nayo inashindwa mahali pengi. Ikabaki ivermectin, dawa iliyotokana na kijidudu cha udongo kilichopatikana Japani. Ilianza kuuzwa kwa mifugo mwaka wa 1981, na kuwapa Satoshi Omura na William Campbell Tuzo ya Nobel ya 2015. Mwaka wa 2002 iliripotiwa Uholanzi kwamba minyoo weupe wa watoto wa farasi walikuwa hawafi kwa ivermectin. Mwaka wa 2020 watafiti waliripoti kwamba farasi wachanga waliosafirishwa kutoka Ireland hadi Marekani walikuwa na minyoo wadogo wekundu ambao ivermectin haikuwamaliza. Tangu ivermectin, hakuna jamii mpya ya dawa iliyoletwa kwa farasi na punda dhidi ya minyoo hao.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Hapa Kenya, tangu miaka ya 1980 watafiti wameripoti usugu wa minyoo wa kondoo na mbuzi, Bara na Pwani. Chupa inayoshindwa kwa mbuzi ndiyo hiyo hiyo wengi humnywesha punda.

Makosa tunayoyafanya

Kosa la kwanza ni kukadiria uzito kwa macho. Kipimo cha ivermectin ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mnyama, kwa hiyo punda wa kilo 150 anahitaji miligramu 30. Ukidhani ana kilo 100, utampa 20, na minyoo wenye nguvu kidogo watapona wakiwa wamefunzwa vita. Kuna utepe wa kupimia kifua unaokadiria uzito. Mwombe daktari au afisa wa mifugo akupimie.

Kosa la pili ni kugawana. Vijana watano wa mikokoteni hununua kibomba kimoja cha dawa na kila punda akalambishwa kidogo. Fedha zimeokolewa, lakini dozi pungufu ndiyo shule ya minyoo.

Kosa la tatu ni kuwapa punda wote dawa siku moja kisha kuwapeleka malisho mapya. Wanakwenda na minyoo sugu peke yao, bila minyoo dhaifu wa kuchanganyika nao.

Kosa la nne ni kumdunga punda sindano ya ivermectin iliyotengenezwa kwa ng'ombe. Sindano hiyo imewahi kuleta uvimbe wenye sumu katika misuli ya farasi, na ndiyo maana dawa yao hutolewa kwa kinywa.

Pima kabla ya kutibu

Njia iliyo bora ni kuhesabu mayai ya minyoo katika kinyesi. Si jambo gumu wala la matajiri. Chukua kinyesi kibichi cha punda mmoja mmoja, kitie ndani ya mfuko safi, utoe hewa, uufunge, uandike jina la punda, na uuweke mahali baridi. Upeleke siku hiyo hiyo kwa daktari mwenye hadubini, au kwenye maabara ya mifugo ya serikali iliyo karibu, kama vile Kabete, Mariakani, Karatina, Nakuru, Eldoret au Kericho.

Punda mzima mwenye mayai yasiyofika 200 kwa gramu moja kwa kawaida haongezewi dawa. Mwenye zaidi ya 500 anawamwagia wenzake minyoo na anahitaji kutibiwa. Utafiti wa farasi umeonyesha kwamba takriban asilimia 20 ya wanyama wazima ndio wanaotoa asilimia 80 ya mayai yote. Ukiwatibu hao, umelinda malisho, na wale wengine wanabaki na minyoo dhaifu ambao watazaana na walio sugu na kupunguza nguvu yao.

Kisha ijaribu dawa yenyewe. Hesabu mayai siku ya dawa, na uhesabu tena baada ya siku 14. Kama punda alikuwa na mayai 800 na sasa ana 400, dawa hiyo imeshindwa, hata kama chupa ni mpya na bei ni kubwa. Usimwongezee. Mwambie daktari akupe ya jamii nyingine, kwa maana kubadilisha jina la chupa si kubadilisha dawa. Soma jina dogo la kemikali lililoandikwa chini ya jina kubwa.

Hatusemi uache kabisa kutumia dawa. Denmark ilipoamua mwaka wa 1999 kwamba dawa hizi zitolewe kwa cheti cha daktari tu, wengi walianza kutibu baada ya kupima. Baadaye watafiti walikuta yule mnyoo mkubwa mwekundu anaonekana zaidi katika mazizi yaliyotibu wachache tu. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kila farasi mzima apate dawa mara moja au mbili kwa mwaka, na nyongeza wapewe wenye mayai mengi. Zungumza na daktari wako juu ya wakati unaofaa kwa punda wako kulingana na mvua za kwenu, kwani minyoo wachanga hustawi kwenye unyevu na hufa katika jua kali la kiangazi. Watoto wa punda wana mpango wao tofauti.

Kinga isiyonunuliwa

Zoa kinyesi zizini na malishoni angalau mara mbili kwa wiki, kabla minyoo hawajatambaa kwenye majani. Lisha punda pamoja na ng'ombe au mbuzi, au wapokezane, kwa sababu minyoo wengi wa punda hufa wakimezwa na ng'ombe. Punda mgeni akae peke yake hadi kinyesi chake kipimwe.

Mpe punda maji ya kutosha hata siku ya kazi nyingi. Usimbadilishie chakula kwa siku moja. Weka majani mahali pasipo mchanga, na uokote kamba na plastiki zizini. Meno yake yaangaliwe kila mwaka.

Na binadamu je?

Minyoo hawa tuliowataja hawaishi tumboni mwa mtu. Lakini albendazole ndiyo tembe wanayopewa watoto wetu shuleni katika mpango wa kitaifa ulioanza 2009, na ivermectin imewaokoa mamilioni ya Waafrika na upofu wa mtoni. Usugu tuliouona kwa mbuzi na farasi ni onyo kwamba dawa si kisima kisichokauka.

Tena, usijaribu kutumia dawa ya mnyama mwilini mwako. Wakati wa Covid, miaka ya 2020 na 2021, watu katika nchi kadhaa walikula ivermectin ya farasi, na baadhi yao wakalazwa kwa sumu.

Wazee walikuwa na msemo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Siku hizi punda akifa mzigo haufiki. Kesho asubuhi, kabla ya kufunga mkokoteni, tazama mambo mawili tu: je, amemaliza chakula cha jana, na je, amepata choo? Ikiwa jibu ni la, mwache apumzike, na umpigie daktari simu kabla ya kuifikia chupa darini.